Kugawa sukari haba kijijini bila kulisha magendo

Bidhaa zikiadimika vijijini Kigoma, anza na daftari la kaya. Balozi wa nyumba kumi ahesabu watu, si nyumba: kugawa kwa nyumba huwaonea wenye watoto wengi.

Gunia la kilo 50 lipimwe upya mbele ya wanakijiji. Tenga kilo 1 ya upungufu, maana kila kipimo hudondosha kidogo. Kilo 49 kwa watu 196 ni gramu 250 kila mmoja. Kaya ya watu sita inachukua kilo moja na nusu. Majina na mgao vibandikwe ukutani siku hiyohiyo.

Bei ndiyo huharibu kila kitu. Ikiwa chini ya gharama ya kununua na kusafirisha, duka halinunui gunia la pili, na sukari huvuka mpaka kuelekea Burundi. Msako wa walanguzi wa 1983, ulioongozwa na Edward Sokoine, Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, ulikamata bidhaa zilizofichwa lakini haukuongeza uzalishaji. Rafu zilianza kujaa serikali iliporuhusu watu binafsi kuagiza bidhaa mwaka 1984. Kwa hiyo jumlisha nauli kwenye bei, waziwazi.