Jinsi ya Kusoma Utabiri wa Wiki Nzima Majira ya Baridi Yanapokaribia Kwisha

Majira ya baridi yanapokaribia kwisha, yaani mnamo Februari na mwanzoni mwa Machi katika nusu ya kaskazini ya dunia, au Agosti katika nusu ya kusini, utabiri wa wiki nzima unahitaji kusomwa kwa uangalifu wa pekee. Joto la hewa katika maeneo mengi huwa linapandashuka karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi, na tofauti ya nyuzi mbili tu hutosha kuamua kama kitakachoanguka ni mvua, theluji, au mvua inayoganda mara inapogusa ardhi. Msomaji anayetazama tu alama ya jua au ya wingu kwenye simu yake anakosa sehemu kubwa ya habari anayoihitaji.

Anza na maelezo ya jumla ya eneo zima kabla ya kuitafuta siku yako. Tafuta mahali palipo na mgandamizo mdogo wa hewa na mahali palipo na mgandamizo mkubwa, kisha uangalie mifumo hiyo inaelekea wapi. Mgandamizo mdogo huja na mawingu, upepo na mvua au theluji, ilhali mgandamizo mkubwa mara nyingi huleta utulivu, anga safi na usiku wenye baridi kali. Tazama pia siku ambayo upepo unatarajiwa kugeuka, kwa sababu hapo ndipo hewa baridi inaposukuma hewa ya vuguvugu, na joto huweza kushuka sana ndani ya saa chache. Siku ya namna hiyo inaweza kuandikiwa kiwango cha juu cha nyuzi 8, kumbe kiwango hicho kitafikiwa alfajiri na kufikia saa kumi jioni zimebaki nyuzi 1. Kwa hiyo fungua utabiri wa saa kwa saa kabla ya kuamua uvae nini au uondoke lini.

Baada ya hapo, igawe wiki kwa kadiri ya kuaminika kwake. Siku tatu za mwanzo zinaweza kusomwa kwa undani, siku ya nne na ya tano zisomwe kama mwelekeo, na siku mbili za mwisho zichukuliwe kuwa uwezekano tu. Mwaka 1963, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Edward Lorenz, alionyesha kwamba tofauti ndogo sana katika hali ya mwanzo hukua hadi kuubadilisha utabiri mzima. Ndiyo sababu vituo vikubwa, kikiwamo Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Masafa ya Kati ambacho kilianza kutumia njia hiyo mwaka 1992, hukokotoa tabiri nyingi kwa pamoja, kila moja ikianzia hali iliyobadilishwa kidogo. Tabiri hizo zikikubaliana kuwa Jumamosi joto litakuwa kati ya nyuzi 3 na 5, panga shughuli zako bila wasiwasi mwingi. Zikitawanyika kutoka nyuzi 4 chini ya sifuri hadi 9 juu yake, namba moja iliyoandikwa kwenye simu haina uzito wowote, na ni busara kusubiri.

Sifuri yenyewe ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Joto linalotangazwa hupimwa karibu mita moja na nusu hadi mbili juu ya ardhi, na katika usiku mtulivu usio na mawingu ardhi hupoteza joto haraka kuliko hewa iliyo juu yake, hivyo sakitu, yaani umande ulioganda, inaweza kutanda hata pale utabiri unaposema nyuzi 3. Mchana jua huyeyusha theluji iliyorundikwa kando ya njia, maji yakatiririka na kuenea juu ya lami. Usiku anga likisafika, maji hayo huganda na kuwa utando mwembamba wa barafu usioonekana kwa urahisi. Ukiona utabiri wa mchana wa vuguvugu unaofuatwa na usiku usio na mawingu wenye upepo hafifu, chukulia kwamba njia zitateleza asubuhi, hata kama hakuna mvua wala theluji iliyotajwa.

Mwinuko nao uhesabiwe. Kwa wastani joto hupungua kwa nyuzi 6.5 kila unapopanda kilomita moja, kwa hiyo aliye mita 600 juu ya mji uliotajwa atarajie takriban nyuzi 4 pungufu. Hata hivyo, kanuni hii hugeuka juu chini hewa baridi inapotuama mabondeni, na mvua ikianguka kutoka tabaka la vuguvugu hadi kwenye hewa hiyo, huganda juu ya barabara, matawi na nyaya za umeme. Onyo la mvua inayoganda lichukuliwe kwa uzito kuliko onyo la theluji ya kawaida.

Kuhusu kiasi, milimita 10 za maji hutoa takriban sentimita 10 za theluji. Theluji yenye majimaji huwa na kina kidogo zaidi lakini ni nzito, na hiyo ndiyo inayovunja matawi. Mvua ikinyesha juu ya theluji wakati ardhi bado imeganda, maji hayana pa kuzama, na mito huweza kufurika hata baada ya mvua kukatika. Upepo nao huongeza makali: nyuzi 5 chini ya sifuri, pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, huhisiwa mwilini kama nyuzi 13 chini ya sifuri.

Mwisho, angalia utabiri mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na ulinganishe uliopo na uliotangulia. Theluji ya Jumamosi ikibaki palepale katika matoleo manne mfululizo, ahirisha safari mapema; ikihamahama, subiri hadi Alhamisi jioni, kisha ufuate tahadhari za mamlaka ya hali ya hewa ya eneo unakokwenda, pamoja na za maeneo yote utakayopitia njiani.