Jinsi ya Kuusoma Mnara wa Kuongozea Ndege Katika Mji Unaokua

Anayetaka kufahamu jinsi mnara wa kuongozea ndege unavyobadilika kadiri mji unavyopanuka asianze na mitambo, bali na jicho la mwongozaji aliye katika chumba cha juu, kwa kuwa jengo zima limesimamishwa ili yeye aione njia ya kurukia ndege mwanzo hadi mwisho. Malindi panafaa sana kwa somo hili, maana uwanja wake uko kando ya barabara ya Mombasa, karibu na mji, na nyumba zimeusogelea.

Tafuta mahali pa umma nje ya ua, wala usipige picha bila idhini. Kubishana na walinzi hakuna faida. Kisha utazame upepo. Ndege hutua na kuruka zikiukabili, hivyo kusi ikivuma aghalabu hutua zikielekea kusini, na kaskazi ikishika mambo hugeuka. Mnara sharti uone pande zote mbili. Basi jiulize ni minazi ipi, paa lipi la ghorofa au mlingoti upi wa simu unaoweza kumziba mwongozaji. Mji ukipanda juu, ama mnara nao upande, ama majengo yawekewe mpaka. Ndiyo maana nchini Kenya anayejenga jengo refu karibu na uwanja hutakiwa kupata kibali cha urefu kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kibali hicho hulinda zaidi njia ya ndege angani, ila mnara nao hufaidika.

Sasa viangalie vioo. Katika minara mingi vimeinamia nje, ili mwanga wa ndani uakisiwe kwenye dari yenye rangi ya giza badala ya kumrudia mwongozaji machoni usiku.

Ukishalifahamu umbo la mnara, pima umri wa kazi yenyewe. Uwanja wa Croydon, London, ulikuwa na mnara mwaka 1920, na huko St. Louis, Marekani, Archie League alianza mwaka 1929 kuongoza ndege kwa bendera, akiwa na kiti na mwavuli wa kumkinga na jua. Redio ikafuata, kisha rada. Hata hivyo ya kale hayakutupwa: redio ya ndege ikinyamaza, mnara humulika taa. Kijani isiyopepesa humruhusu rubani kutua, nyekundu isiyopepesa humtaka aendelee kuzunguka na kuipisha ndege nyingine, na nyekundu inayopepesa humwambia kwamba uwanja si salama. Kwa maoni yangu, taa hiyo hufunza mengi kuliko skrini zote.

Hatua ya mwisho ni kuuliza kama mnara unahitajika kuwapo uwanjani. Mwaka 2015 ndege za uwanja wa Örnsköldsvik, Uswidi, zilianza kuongozwa kwa kamera kutoka mji mwingine, Sundsvall, na mwaka 2021 uwanja wa London City ukahamishia kazi hiyo kituo cha Swanwick, mbali na London. Kwa hiyo, mazungumzo ya kurefusha njia ya kurukia ya Malindi yakizuka tena barazani, usiulize fidia ya ardhi peke yake. Uliza pia kama ncha mpya itaonekana kutoka chumba kilichopo, au kama itabidi ijengwe ghorofa nyingine au zifungwe kamera, na umeme wake utategemea nini.