Dipoziti ya hosteli: jinsi ya kuidai unapohama mwisho wa muhula

Bedsita yangu ilikuwa Kahawa Wendani, kodi Sh9,000 na dipoziti kiasi hichohicho. Nilihama muhula ulipoisha. Dipoziti ilirudi miezi minne baadaye, tena ikiwa Sh6,500. Nusu ya makosa yalikuwa yangu, ndiyo maana naandika. Ninyi wa mabweni ya chuo kazi yenu ni nyepesi: rudisha ufunguo, onyesha godoro, fomu ipigwe muhuri kabla mwenye muhuri hajaenda chai. Haya mengine ni yetu sisi wa hosteli za nje.

Anza na notisi. Hapa ndipo nilipochomeka. Mkataba ulitaka notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Mimi nilimwambia msimamizi langoni akifagia, akanijibu, "Sawa, hakuna noma." Mwisho wa mwezi "hakuna noma" ikageuka "notisi gani?" na mwenye nyumba akadai kodi ya mwezi mzima zaidi. Ubishi huo ndio uliokula miezi.

Kwa hivyo andika barua, hata ya mistari minne: jina, nambari ya chumba, tarehe ya kuhama, nambari ya kutumiwa pesa. Toa nakala mbili saiba, pale kwenye kompyuta za kulipia, msimamizi atie sahihi na tarehe kwenye yako. Akikataa, ipige picha umtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp na usiufute ujumbe huo. Na usingoje ratiba ya mtihani ibandikwe. Inapobandikwa huwa umeshachelewa, halafu unalipia mwezi mzima chumba cha kulala mende.

Wapo wanaokataa kulipa kodi ya mwisho, eti wanakalia dipoziti. Siwalaumu, ila someni mkataba kwanza. Wangu ulikataza, na jirani yangu aliyejaribu alikuta kufuli mlangoni akiwa amebakisha karatasi mbili za mtihani.

Umeme wa tokeni hauhami na mtu, uniti hubaki na mita. Wiki ya mwisho nunua kidogo kidogo. Bili ya maji iulizie mapema na uombe risiti.

Siku ya kuhama, ufunguo usitoke mkononi kabla ya ukaguzi. Toa vitu nje, fagia, kisha mzunguke na msimamizi: bomba, swichi, vioo, sinki, kitasa. Rekodi video ukitaja tarehe kwa sauti. Mwenye pikapu atalalamika kwamba unamchelewesha, mwache alalamike. Mimi niliacha ufunguo langoni saa kumi na mbili asubuhi nikiwahi gari la nyumbani, chumba kikakaguliwa bila mimi. Nikakatwa Sh2,500 za rangi, kwa sababu ya moyo uliochorwa ukutani kwa kalamu nyekundu pamoja na jina la mpenzi wa mtu. Moyo huo niliukuta. Picha ya siku ya kuingia sikuwa nayo. Wewe unayeingia muhula ujao, piga picha kabla hujatandika kitanda.

Pesa zikichelewa, punguza simu, andika. Akikuahidi kwa simu, mtumie ujumbe papo hapo: "Kama tulivyozungumza, utatuma Ijumaa." Mwenye nyumba wangu alikuwa na Ijumaa nyingi kuliko kalenda.

Kilichomwamsha ni barua ya madai: nisipolipwa kwa siku 14, naenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, unaweza kujitetea bila wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Barua iandamane na nakala ya mkataba, notisi, video na ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa dipoziti. Kama ujumbe ulifutika, Safaricom hutoa taarifa ya miamala ukiomba.

Siku ya 12 simu ililia: Sh6,500. Ile kodi ya ziada haikutajwa tena. Zile Sh2,500 ningeweza kuzifuata Milimani, lakini nilikuwa nimechoka na muhula mwingine ulikuwa umeanza. Aliyeingia chumba kile tunasoma naye. Anasema moyo bado upo.