Kupakia CSV yenye enta ndani ya anwani kwa databesi

Mnaouza vitu kwa delivari hapa Mombasa mwazijua anwani zetu, mtu haandiki namba ya nyumba, aandika Bamburi Mtambo, abonyeza Alt na Enter, aongeza nyuma ya msikiti, tena Alt na Enter, piga simu ukifika, na yote hayo ni kisanduku kimoja cha Excel. Ukiiseva CSV, yaani faili ya maandishi yenye koma kati ya kolamu, ukaipakia ovyo, mteja mmoja atoka watu watatu.

Usikimbilie kufuta enta zote manake zile za mwisho wa rekodi nazo zitaenda. Ifungue kwanza kwa Notepad, sio Excel, uone kama anwani imefungwa kwa nukuu:

114,"Bamburi Mtambo
nyuma ya msikiti",leso

Iko hivyo? Basi faili ni nzima, hata RFC 4180, maelezo ya muundo wa CSV ya 2005, yakubali enta ndani ya nukuu, ni wewe kuiambia databesi. PostgreSQL ndo rahisi, hiyo wateja_muda ni tebo ya muda ya kupokelea data:

\copy wateja_muda FROM 'wateja.csv' WITH (FORMAT csv, HEADER)

Usipoandika csv hapo itaisoma kama teksti ya kawaida na nukuu haizijali kabisa. MySQL, kwa LOAD DATA, yataka maneno mengi kidogo:

FIELDS TERMINATED BY ',' OPTIONALLY ENCLOSED BY '"'
LINES TERMINATED BY '\r\n'
IGNORE 1 LINES

Hiyo \r\n ni alama mbili za kumaliza mstari, yawekwa kwa sababu Excel ya Windows yamaliza rekodi hivyo, lakini enta ya ndani ya kisanduku ni \n peke yake. SQL Server weka FORMAT='CSV' kwa BULK INSERT, ila ni kuanzia toleo la 2017.

Kama hakuna nukuu, mrudie aliyekupa faili akutolee upya, kweli usijitese. Akikataa ndo uandike skripti ndogo, mstari usioanza na namba ya mteja na koma uunge kwa ule wa juu yake, na hapo uangalie vizuri manake kuna anwani zaanza na namba pia.

Tebo ya muda iwe kolamu zote teksti, tarehe na pesa utageuza baadaye. Kuhakikisha usitumie wc -l, ile amri ya Linux, hiyo yahesabu mistari sio wateja, linganisha safu za Excel ukitoa kichwa na hii:

SELECT count(*) FROM wateja_muda;