Namna ya kuonyesha vimeng'enya vya bakteria vikikata plastiki ya muhogo

Bakteria hana mdomo. Molekuli ya wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi usioweza kupenya kwenye seli yake, kwa hiyo humwaga kimeng'enya nje, kikaukata mnyororo hukohuko, ndipo akafyonza vipande vidogo. Wanafunzi wangu hukariri jambo hili bila kuliamini, mpaka walione. Huku Muheza muhogo haukosekani. Gliserini, na iodini ya kutambulisha wanga kwa kuugeuza bluu, utazipata duka la dawa.

Anza na plastiki yenyewe. Koroga kijiko kikubwa cha wanga wa muhogo, vijiko sita vya maji na nusu kijiko cha chai cha gliserini kwenye moto mdogo, mpaka weupe uishe na mchanganyiko uvutike. Utandaze juu ya kioo, uache kivulini ukauke. Wengi hutia siki. Mimi siitii, kwa kuwa asidi hupunguza kasi ya amilesi, kimeng'enya tunachokitafuta. Hakikisha utando ni mwembamba sana. Ukiwa mnene, iodini huufanya mweusi ti na hutaona kitu.

Bakteria wachimbue pale yanapotupwa maganda ya muhogo na makoko ya ugali. Tia kijiko cha udongo huo kwenye uji mwepesi wa wanga uliopoa, katika bakuli pana, ufunike kwa kitambaa. Kila asubuhi chota matone machache ya juu, uyatie iodini. Mwanzoni yatageuka bluu iliyokolea. Siku yatakapobaki na rangi ya chai ya iodini yenyewe, wanga wa kwenye uji umekwisha kukatwa, na hapo majimaji yako tayari. Vaa glavu wakati wote, na mwishoni mwagia kila kitu dawa ya klorini.

Sasa chuja majimaji kwa kitambaa safi, uyagawe mafungu mawili. Fungu moja lichemshe dakika 10, kisha lipoe. Weka juu ya utando tone la fungu bichi, tone la lililochemshwa, na tone la maji matupu. Funika kwa bakuli lenye kitambaa kibichi ndani ili matone yasikauke. Baada ya saa mbili suuza taratibu, upake iodini iliyozimuliwa kwa maji.

Utando wote utakuwa bluu nyeusi, isipokuwa pale lilipokaa tone bichi. Waite wanafunzi wainame waangalie ukingo wa doa hilo: mara nyingi kuna mzingo wa rangi ya kahawia nyekundu. Hiyo ni minyororo iliyokatwa nusu, mifupi mno kutoa bluu lakini bado haijawa sukari. Mimi hukaa hapo muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kipindi.

Usiyaache matone mpaka kesho yake. Kuchemsha huharibu kimeng'enya, lakini spora za Bacillus, yaani maumbo magumu ambamo bakteria hao wa udongo hujihifadhi wakiwa wamelala, huvumilia maji yanayochemka. Zikipata muda zitaamka, zitengeneze amilesi mpya, na tone lililochemshwa, uliloliweka kwa ulinganisho, litakudanganya.

Ukipata kikombe cha PLA, plastiki nyingine inayotokana na mimea, kipe majimaji hayohayo. Hakitabadilika. PLA imeungwa kwa vifungo vya esta, na amilesi hukata vifungo vya wanga tu. Ndiyo maana kikombe hicho hupelekwa kwenye mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 60 za Selsiasi, ambako maji huanza kuikatakata minyororo kabla vijidudu havijaimaliza. Kwenye shimo la taka la shule kitakaa miaka.