Masala ya Kihindi ya wali, ya kukaanga na kusaga nyumbani

Garam masala ni jina la Kihindi: garam ni moto, masala ni mchanganyiko wa viungo. Moto wenyewe si ukali wa pilipili, ni lile joto la mdalasini, karafuu na pilipili manga mwilini. Hakuna kipimo kimoja kinachokubaliwa na kila nyumba. Hiki hapa kimepangwa kwa pilau na biriani, na kinatoa karibu gramu 100, yaani viungo vya kilo saba au nane za mchele.

Bizari nyembamba, gramu 40 (vijiko vikubwa 6 na nusu)
Giligilani ya mbegu, gramu 20 (vijiko vikubwa 4)
Pilipili manga, gramu 12 (kijiko kikubwa kimoja na kijiko kidogo kimoja)
Iliki na maganda yake, gramu 12 (vijiko vikubwa 2)
Mdalasini, gramu 10 (vijiti vitatu vya urefu wa kidole)
Karafuu, gramu 4 (vijiko vidogo 2 vya chai)
Kungumanga, nusu tunda

Nunua vyote vikiwa vizima. Kiungo kilichosagwa kinapoteza mafuta yake ya harufu haraka, na hujui kimechanganywa na nini. Sokoni, Majengo au kwingineko Dodoma, taja "bizari nyembamba" au "bizari ya pilau". Ukisema binzari tu unaweza kupimiwa manjano. Karafuu nzuri ukiibonyeza kichwani kwa ukucha hutoa mafuta. Ukiitia kwenye glasi ya maji huzama au husimama wima, na ile iliyokwisha kukamuliwa mafuta hulala juu ya maji. Pilipili manga nayo wakati mwingine huchanganywa na mbegu za papai zilizokauka. Zitie majini: punje nzuri huzama, za papai huelea. Kausha kabisa ulizopima kabla ya kuzitumia. Iliki chagua ya kijani iliyojaa. Ganda jeupe lililopasuka limeshatoa harufu yake.

Bizari na giligilani zinazouzwa wazi hapa huwa na vumbi na changarawe, hasa kiangazi upepo unapovuma. Zipepete kwenye ungo, kisha zichambue kwa mkono. Usizioshe isipokuwa una siku nzima ya jua la kuzikausha. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, viungo hunywa unyevu hata vikiwa ndani ya mfuko, kwa hiyo vianike saa moja au mbili ukivifunika kwa kitambaa chepesi. Chenye ukungu kitupwe. Dodoma tulishaona mwaka 2016 madhara ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi. Viungo navyo hupata sumu hiyo, na kukaanga hakuiondoi.

Sasa kukaanga, na hapa ndipo masala nyingi huharibikia. Tumia kikaango kizito, bila mafuta. Sufuria nyepesi ya alumini huunguza sehemu moja huku nyingine bado mbichi. Kama ni jiko la mkaa, subiri makaa yashike majivu meupe, kisha punguza mengine. Kosa kubwa ni kumwaga vyote kwa pamoja: bizari ni ndogo na nyembamba, itaungua kabla mdalasini haujapata moto. Anza na mdalasini uliovunjwavunjwa, pilipili manga na karafuu, dakika mbili, ukikoroga bila kuacha. Toa, weka kwenye sinia pana. Ingiza giligilani na iliki kwa dakika moja na nusu hivi, mpaka giligilani ianze kubadilika rangi. Mwisho bizari peke yake, sekunde 40 hadi dakika moja. Ikinukia tu, imwage kwenye sinia papo hapo, maana kikaango kilichoepuliwa bado kinapika. Bizari iliyokuwa nyeusi ni chungu, na uchungu huo hauondoki kwa sukari wala nyanya. Itupe na uanze bizari nyingine. Hasara ni ndogo kuliko sufuria nzima ya pilau. Kungumanga haikaangwi. Ikwangue kwenye kikwangulio baada ya viungo vingine kusagwa.

Acha vipoe kabisa, dakika 20 au zaidi. Ukisaga vya moto, mvuke hubaki ndani na unga hushikana mabonge. Kwenye blenda ya kusagia vikavu, washa sekunde 10, zima, tikisa, rudia; ukiisukuma mfululizo inapata joto na harufu inaruka. Kinu na mchi vinafaa vilevile, ila twanga mdalasini kwanza. Chekecha, na makapi ya iliki yanayobaki yatie kwenye chai.

Hifadhi kwenye chupa ya kioo kavu yenye kifuniko cha kubana, kabatini, mbali na jiko. Ndani ya miezi miwili au mitatu bado iko katika ubora wake. Usitikisie chupa juu ya sufuria inayofuka. Chota kwa kijiko kikavu.

Kwa kilo moja ya mchele, wa Bahi au wa Kyela, weka vijiko vikubwa 2 vilivyosawazishwa. Kwa pilau, ingiza masala baada ya kitunguu kuwa kahawia na tangawizi na kitunguu saumu kuiva, pamoja na maji kidogo ili isiungue, ukaange sekunde 30 kabla ya nyama na supu. Kwa biriani, itie kwenye mtindi unaolowekea nyama, ubakize nusu kijiko kidogo cha kunyunyiza mwishoni.

Pilau ikitoka nyeupe, usiongeze masala. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia ya kweli. Kuongeza masala ili kupata rangi huleta ladha ya dawa, hasa karafuu. Ikikutokea masala yenyewe inanuka karafuu kupita kiasi, kaanga bizari na giligilani kidogo, saga, uchanganye humo. Anayetaka pilau ya nyama yenye harufu nzito apunguze giligilani iwe gramu 10.