SOMO: Kumodeli besimenti yenye hita kwenye EnergyPlus (soma kwanza ndo uulize)

Wakuu, hili swali la namna ya kuweka besimenti (chumba cha chini ya ardhi) yenye hita kwenye EnergyPlus, programu ya kupiga hesabu ya nishati ya jengo, linarudi kila wiki na nimechoka kuandika jibu lile lile, naliweka hapa liishe. Ni kwa sisi wa Arusha na Moshi tunaochorea wateja wa nje, nyumba za Minneapolis huko Marekani au Kanada, ambako besimenti watu wanalala humo na inapashwa joto, sio parking ya chini kama tulivyozoea mjini.

1. Michoro yao ni futi, geuza. Futi 8 ni mita 2.44.

2. Besimenti iwe zoni yake (eneo linalopigiwa hesabu ya joto peke yake), Z (kimo) ya jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini, iwe hasi.

3. Ipe themostati na hita. Ikishakuwa na hita insulesheni (kizuia joto) inakaa ukutani, sio darini. Dari yake na sakafu ya juu kila moja imtaje mwenzake kama kinachopakana nayo.

4. HAPA NDO WENGI WANAANGUKA. Kila ukuta unaandikiwa unapakana na nini upande wa nje. Unaogusa udongo ukiuacha Outdoors (hewa ya nje), programu inadhani uko nje unapigwa na upepo wa Januari, matumizi ya gesi yanapaa. Ukiweka Ground (udongo) bila kuandika joto la udongo, EnergyPlus inachukua nyuzi 18 mwaka mzima, na chumba kiko 20 au 21, basi hita karibu haifanyi kazi na mteja unampelekea besimenti isiyokula moto. Wengine wanachukua yale majoto ya udongo yaliyomo kwenye faili ya hali ya hewa wanabandika, jamani msifanye hivyo, yale ni ya udongo mtupu usio na nyumba juu, wakati ule wa chini ya nyumba umeshapashwa na nyumba yenyewe. Tumia Kiva, kile kikokotoo cha joto la msingi kilichomo ndani ya EnergyPlus. Tengeneza Foundation:Kiva, kuta za chini na jamvi vyote viwe Foundation, halafu andika mzingo ulio wazi wa jamvi, yaani urefu wa kingo zake zisizopakana na chumba chenye joto. Jamvi la mita 8 kwa 10 lina mzingo wa 36, ila kama upande mmoja wa 10 unapakana na besimenti ya jirani yenye joto, unaandika 26. Na insulesheni ile ile usiiweke kwenye ukuta na tena ndani ya Kiva, zitahesabiwa zote mbili.

5. Run, fungua faili ya err (ya makosa na maonyo), isome.

MASWALI

Mdau wa Sakina: mkuu hita yangu inasoma karibu sifuri, shida nini?

Jibu: Hatua ya 4, imeandikwa.

Mdau wa Sakina: nimesoma yote ila bado

Jibu: Ungesoma usingekuwa na Ground. Weka err yako hapa, bila hiyo siwezi kubashiri.

Dada wa Moshi: Kaka shikamoo, asante kwa somo. Nyumba yangu iko kwenye mteremko, upande mmoja wa besimenti unatokea nje kabisa na una mlango. Huo nao Foundation?

Jibu: Marahaba dada, umeuliza la maana. Ukuta ule uwe Outdoors maana haugusi udongo, lakini upande wake usiutoe kwenye mzingo, jamvi pale ukingoni bado linapoteza joto. Kiva inapiga hesabu ya kila urefu wa ukuta peke yake, ule usio na ukuta wa chini inauchukulia kama jamvi la juu ya ardhi, kisha inachanganya kwa kufuata sehemu ya mzingo ya kila mmoja. Kwa upande huo andika na ukuta wa msingi.

Dada wa Moshi: Na udongo? Mteja anasema kwake maji ya ardhini yako juu.

Jibu: Basi usiache namba ya udongo kupitisha joto iliyokuja na Kiva, ni 1.73 W/m·K. Udongo wenye maji unapitisha joto zaidi kuliko mkavu. Mwombe ripoti ya udongo, run mara mbili, mkavu na wenye maji, umwonyeshe zote.

Chalii wa Ngarenaro: wakuu mimi laptop inalia sana na Kiva

Jibu: Ukiwa bado unacheza na madirisha run wiki moja ya Januari tu chalii yangu, mwaka mzima uache mwisho.